Tangazo Kwanza, Shimo Baadaye

Ndugu wanachama, katika toleo hili tumeliweka kando gumzo la viti na vyeo, tukaona imetupasa kusema juu ya jambo ambalo kila mmoja wenu huliona atokapo nje alfajiri. Twakusudia minara ya simu. Umesimama nyuma ya skuli, au ubavuni mwa msikiti, au katikati ya mikarafuu, na usiku taa nyekundu yawaka kileleni. Wengi wenu hamkuambiwa kuwa utakuja. Mliamka mkakuta shimo limechimbwa na kokoto zimemwagwa, na mlipouliza mlipewa maneno mawili tu: "Kibali kipo."

Kibali cha nani? Kimetolewa na nani, siku gani, kwa sababu zipi, na nakala yake iko wapi ili mwenye kusoma aisome? Hayo hayakujibiwa, na walioyauliza walionekana wakorofi.

Tutatoa mfano mmoja, na shehia yenyewe hatuitaji, kwa kuwa waliotueleza wanaishi huko na sisi tunaandika tukiwa mjini. Ni huko Kaskazini Unguja. Siku ya Jumatatu lori liliingia kwa njia ya ng'ombe, likashusha saruji na nondo katika kiwanja kilicho ubavuni mwa nyumba ya bibi mmoja mjane. Bibi akawauliza mafundi wanajenga nini. Wakamwambia aende kwa sheha. Sheha akamwambia habari hiyo iko Halmashauri. Akapanda gari mpaka Halmashauri, akakaa barazani tangu saa tatu mpaka adhuhuri, akaambiwa kuwa mambo ya simu ni mambo ya Muungano na majibu yake yako Dar es Salaam. Bibi huyu hajapata kufika Dar es Salaam maishani mwake. Aliporudi nyumbani, miguu minne ya chuma ilikwisha kupandishwa.

Na alitaka nini bibi huyu? Hakutaka mnara ubomolewe. Simu anayo, mwanawe yuko Muscat na humpigia kila Ijumaa baada ya sala. Alitaka kujua jambo moja: je, lile jenereta la dizeli litakalokuwa likinguruma umeme ukikatika haliwezi kuwekwa upande wa pili wa kiwanja, mbali na dirisha la chumba anacholala? Swali dogo kuliko hilo hatulijui. Mtu mwenye penseli na karatasi ya ramani angelimaliza kwa dakika mbili kabla shimo halijachimbwa. Baada ya zege kumwagwa, likawa swali la serikali mbili.

Hilo ndilo neno letu katika makala hii. Tangazo lije kwanza, shimo lije baadaye.

Twajua watakavyotujibu. Watasema chama hiki hakitaki maendeleo, kinataka watu warudi kupelekeana habari kwa ngalawa. Anayesema hivyo ni mzushi, na tunamwambia hivyo mbele ya watu. Visiwa vinahitaji mawasiliano kuliko nchi kavu. Mvuvi aliye nje ya mwamba, mzazi aliyeshikwa na uchungu usiku wa manane huko Makangale, mkulima anayetaka kujua mizani ya karafuu inafunguliwa siku gani, wote hao simu kwao si pambo. Hatukuusahau usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ilipozama kati ya Unguja na Pemba na mamia ya ndugu zetu wakapotea. Baada ya msiba ule hapana mtu wa visiwani atakayesimama aseme kuwa habari kufika upesi si jambo la uhai.

Bali twasema kuwa habari za mbali zimepita juu ya vichwa vyetu siku nyingi. Waya wa telegrafu uliolazwa chini ya bahari kutoka Aden ulifika Unguja mwaka 1879, ukaendelea kusini mpaka Durban. Haukuletwa kwa ajili ya mchumaji karafuu, wala hakuulizwa upite wapi. Zama zile hatukuwa na madiwani. Leo tunao, tunawapigia kura, wanalipwa posho kwa fedha zetu, na bado mwenye ardhi na jirani yake wanapata habari kutoka kwa dereva wa lori.

Sasa tuitazame sheria, maana ndipo mahali pa kujificha.

Hati za Muungano za mwaka 1964 zilitaja mambo kumi na moja, na katika lile la kumi na moja ziliwekwa pamoja bandari, usafiri wa anga, na posta na telegrafu. Kutoka hapo ndipo ilipotoka Sheria ya Mamlaka ya Mawasiliano ya mwaka 2003 na Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, ambazo nguvu zake zinafika pande zote mbili za Muungano. Leseni ya kampuni, masafa ya kurushia sauti, masharti ya kampuni moja kuipokea nyingine katika mnara wake, hayo yote yamo mikononi mwa Mamlaka ya Mawasiliano. Urefu wa mnara na taa yake ya juu vinawahusu watu wa usafiri wa anga, ili ndege isije ikagonga. Haya hatuyapingi katika makala hii. Kuyajadili kuna siku yake.

Lakini mnara hausimami juu ya masafa. Unasimama juu ya ardhi. Na ardhi haikuwamo katika mambo yale kumi na moja mwaka 1964, wala haimo leo. Mipango ya miji na vijiji vya visiwa hivi imewekewa sheria hapa hapa tangu Dikrii ya mwaka 1955. Umiliki wa ardhi umewekewa sheria hapa hapa mwaka 1992. Mabaraza ya miji na halmashauri za wilaya yana Sheria Na. 7 ya mwaka 2014, iliyopitishwa na Baraza la Wawakilishi. Mazingira yana Sheria Na. 3 ya mwaka 2015, na mamlaka yake, ZEMA, ofisi zake ziko Unguja na Pemba. Basi bwana yule aliyemwambia mjane kuwa majibu yako Dar es Salaam, ama hajui kazi anayolipwa, ama anaijua na ameona ni raha zaidi kumpeleka mtu ng'ambo ya bahari kuliko kufungua faili.

Wanachama wengine watashangaa kusikia haya kutoka kwetu. Chama hiki kimezoea kulalamikia Muungano, na kina sababu zake. Lakini haki ni haki. Katika jambo la mahali pa kusimamisha mnara, mkosaji hayuko Dodoma wala Dar es Salaam. Yuko hapa hapa, katika ofisi tunazozipita kila siku, na amejifunika Muungano kama mtu anavyojifunika kanga ya mwenziwe asijulikane. Tukimlaumu asiyehusika, anayehusika atakunywa kahawa yake kwa amani.

Watasema kanuni ipo. Kama ipo, na ibandikwe. Kanuni inayojulikana na kampuni na karani, isiyojulikana na mtu ambaye mnara unajengwa dirishani kwake, haimfai. Ibandikwe kwa Kiswahili katika ofisi ya kila sheha, ili mtu ajue kampuni inapaswa kuleta nini, Halmashauri inapaswa kujibu lini, na yeye mwenyewe akiwa na neno aliseme wapi. Twauliza hadharani, na nafasi ya kutujibu ipo katika ukurasa huu: ni shehia ngapi katika wilaya zetu kumi na moja ambazo mtu anaweza kuingia leo akaisoma kanuni hiyo ukutani?

Na hapa lazima tuseme neno juu ya barua ya sheha. Sote twaijua. Barua ya sheha ndiyo ufunguo wa kila kitu katika visiwa hivi, kuanzia kitambulisho mpaka maziko. Kampuni inapotaka kuonyesha kuwa wananchi wameshirikishwa, aghlabu karatasi inayotolewa mfukoni ni barua ya sheha, na pengine majina ya wazee watatu au wanne waliokuwa wamekaa naye asubuhi hiyo. Hatumtukani sheha. Masheha wengi ni watu wema na kazi yao ni ngumu. Lakini sheha hakuchaguliwa na watu wa shehia yake; ameteuliwa na Mkuu wa Mkoa, naye Mkuu wa Mkoa ameteuliwa na aliye juu yake. Maoni ya sheha ni maoni ya Serikali. Serikali ikimuuliza sheha, imejiuliza yenyewe, ikajijibu, ikaandika kuwa wananchi wameridhika. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, nasi twaongeza kuwa yule aliyekuwepo ila hakuitwa, lake lilikuwapo na limepuuzwa.

Diwani je? Huyo ndiye aliyechaguliwa. Diwani ndiye anayepaswa kusimama katika kikao na kusema: shehia hii imesema hivi. Tumewauliza madiwani wawili wa chama chetu kama ombi la mnara limepata kuletwa mbele ya kikao chao likajadiliwa kwa sauti. Mmoja alisema hakumbuki. Wa pili alisema liliwahi kutajwa katika taarifa ya mapato, chini ya ada. Basi kumbe kwa Halmashauri mnara ni mapato. Na hao madiwani wawili ni wetu sisi. Hatuwezi kumtupia jiwe mtu mwingine kabla ya kuwauliza hawa kwa nini hawakusimama.

Upo upande mwingine wa jambo hili ambao haupendezi kuusema, lakini tutausema. Mnara mwingi unasimama katika shamba la mtu aliyekubali. Kampuni haikunyang'anya, ilikuja na karatasi na fedha ya kodi ya mwaka, na mwenye eka tatu alizogaiwa babu yake baada ya Mapinduzi akaona ni neema kuliko minazi iliyozeeka. Hatumlaumu. Lakini aliutia saini mkataba ulioandikwa kwa Kiingereza cha wanasheria, wa miaka mingi, na hakuna aliyemsomea. Tangu mwaka 2010 kampuni za simu Tanzania zilianza kuiuza minara yao kwa kampuni nyingine ambazo kazi yake ni minara tu, nazo hizo huipangisha kwa kampuni ya pili na ya tatu. Jambo lenyewe ni jema, maana mnara mmoja ukibeba watatu, miwili haijengwi. Lakini mwenye shamba, ikiwa mkataba wake hausemi neno juu ya wapangaji wanaoongezeka, atapokea kodi ile ile huku chuma chake kikiwalisha watu watatu. Na jirani yake, ambaye anapata kivuli cha mnara, kelele za jenereta na harufu ya dizeli, hapati hata salamu.

Kwa hivyo swali la kwanza la Halmashauri yoyote yenye akili, kabla ya kuuliza ada, ni hili: hapa karibu pana mnara? Kama upo, kwa nini usipandwe huo? Kampuni na ieleze kwa maandishi. Tumeona mahali minara miwili inatazamana kama majogoo, mtu akiwa na mkono mzuri anaweza kurusha jiwe kutoka mmoja hadi mwingine. Nani alikaa akaona kuwa kijiji kile kilihitaji miwili? Pengine palikuwa na sababu ya kifundi. Chuma cha kwanza kikawa hakina nguvu ya kubeba zaidi, maana hewa ya chumvi hula bolti na maungio, na mnara wa pwani usipokaguliwa huoza kutoka ndani kama jino. Kama ndivyo, tungependa kuambiwa, na tungependa zaidi kujua ni nani anayekagua ule wa kwanza ambao bado umesimama juu ya watoto wa skuli.

Sasa tunageuka kwa watu wetu wenyewe.

Tumesikia katika baraza zetu, na wakati mwingine kutoka kwa wasemaji wenye kadi ya chama hiki, kuwa mnara unakausha minazi, unatia utasa, unaleta saratani kwa kila anayelala chini yake. Maneno haya yanapigiwa makofi. Nasi twasema yaachwe. Hatuyaachi kwa kuogopa kampuni. Twayaacha kwa kuwa hayakuthibitika, na kwa kuwa yanatupotezea kesi yetu.

Mawimbi ya simu si ya aina ya mionzi ya bomu au ya picha ya mifupa hospitalini. Ipo mipaka ya kimataifa ya nguvu zake, iliyowekwa mwaka 1998 na kurekebishwa mwaka 2020. Mwaka 2011 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliyatia mawimbi haya katika kundi la vitu ambavyo huenda vikaleta saratani, ushahidi ukiwa haba. Hilo ni kweli, na anayelitaja hasemi uongo. Lakini mwaka 2024 ulichapishwa uchunguzi mkubwa ulioagizwa na Shirika la Afya Duniani, uliokusanya tafiti za miaka mingi, na haukuona uhusiano kati ya kutumia simu ya mkononi na saratani ya ubongo. Tena liko jambo ambalo wasemaji wetu hawalijui: nguvu ya wimbi hupungua upesi kwa umbali, ukienda mbali mara mbili hubaki robo. Antena nazo hutupa mawimbi yake mbele kuelekea upeo wa macho, hazimwagi chini ya mguu wa mnara. Na simu iliyo mbali na mnara ndiyo inayojikakamua zaidi, na hiyo umeishika sikioni. Mtu anayefukuza mnara kijijini kwa kuogopa mawimbi huenda akajiongezea yale yale anayoyakimbia.

Twataka vipimo, naam. Mamlaka ije ipime mbele ya watu, na matokeo yabandikwe kwa Kiswahili chenye kueleweka. Hiyo ni haki. Lakini anayekwenda mbele ya Halmashauri na hoja ya mionzi peke yake anawapa nafasi ya kumcheka na kumfukuza, na pamoja naye wanaifukuza hoja ya jenereta, na ya njia ya ng'ombe iliyozibwa, na ya chuma kilichokaribia ukuta wa darasa kiasi kwamba kikianguka kitaangukia watoto. Hizo ndizo hoja ambazo hawana jawabu lake.

Wenzetu wa nchi nyingine wamekwisha kupita njia hii, na kosa lao ni darasa kwetu. Marekani walitunga sheria mwaka 1996. Ilisema kuwa mahali pa kuweka mnara ni kazi ya baraza la mji; ila baraza likitimiziwa mipaka ya mawimbi haliwezi kukataa kwa hoja ya mawimbi, lazima lijibu kwa muda ulio wa haki, na likikataa lazima likatae kwa maandishi na kwa ushahidi. Mwaka 2010 kampuni ya T-Mobile South iliomba kujenga mnara wa futi 108, uliofanywa mfano wa msonobari, katika mtaa wa nyumba za watu katika mji wa Roswell, jimbo la Georgia. Watu wa mtaa wakaja kikaoni wakasema yao. Madiwani wakakataa. Hadi hapo twawapongeza. Lakini barua waliyoipelekea kampuni baada ya siku mbili haikuwa na sababu hata moja. Ilisema tu kuwa ombi limekataliwa na kwamba muhtasari wa kikao utapatikana kwa karani. Muhtasari ukatoka siku 26 baada ya barua hiyo, na kampuni ilikuwa na siku 30 tu za kwenda mahakamani. Kesi ikapanda mpaka Mahakama Kuu ya nchi, na Januari 2015 majaji wakasema: si lazima sababu ziwe ndani ya barua yenyewe, lakini lazima ziwe zimeandikwa na zipatikane wakati ule ule, au karibu sana na wakati ule, ambapo mtu anaambiwa hapana. Mji ukashindwa. Haukushindwa kwa kuwa watu wake hawakuwa na haki ya kusema. Ulishindwa kwa kuwa karani alichelewa na karatasi.

Tazameni, ndugu zetu: katika nchi ya matajiri, kampuni ya matajiri imepata haki yake kwa sababu haikupewa sababu kwa wakati. Je, mjane wa Kaskazini yeye hastahili karatasi?

Iko hatari ya pili, nayo ni kimya. Uingereza, kwa minara ya aina nyingi, baraza lina siku 56 za kusema neno. Likinyamaza, kampuni inajenga. Kenya nao, katika sheria yao ya mipango ya matumizi ya ardhi ya mwaka 2019, mwombaji asipojibiwa kwa maandishi ndani ya siku 60 huhesabiwa kuwa amekubaliwa, na huko Lamu, wenzetu wa visiwani, sheria ndiyo hiyo hiyo. Lakini sheria ile ile ya Kenya inamtaka mwombaji autangazie umma anachokusudia kukifanya, na inawapa watu nafasi ya kuleta pingamizi. Saa inagonga kwa Serikali, na saa inagonga baada ya tangazo. Hapa kwetu twaogopa kuwa watu watachukua nusu ya kwanza na kuiacha ya pili. Kampuni zitalia kuwa zinacheleweshwa, nazo pengine zina haki, maana faili kulala mezani miezi sita likisubiri mkono wa mtu ni ufisadi wa namna nyingine. Zitapewa siku. Nasi tutaamka siku moja tukute kimya cha karani kimegeuka kibali, na sisi hatukuambiwa hata kuwa ombi limekuja.

Hatukatai siku zihesabiwe. Twataka zianze kuhesabiwa siku tangazo lilipobandikwa. Libandikwe penye macho ya watu: ofisi ya sheha, skuli, baraza ya kahawa, msikiti ukikubali, na kwenye kiwanja chenyewe kwa ubao mkubwa. Liseme mnara ni wa urefu gani, uko umbali gani kutoka nyumba ya karibu, jenereta litakaa wapi na litalindwaje lisipige kelele, njia gani itapitishwa lori, na nani ataung'oa mnara na kusafisha kiwanja siku kampuni ikiondoka. Lipewe siku 30. Kisha kikao cha madiwani kiwe wazi, mwenye neno aseme, na uamuzi utoke na sababu zake, ukubaliwe au ukataliwe, kwa Kiswahili, na nakala aipate yeyote anayeitaka bila kutoa cha mkono. Na katika ada inayotozwa, sehemu irudi katika shehia iliyobeba chuma, si yote kwenda kununua matairi ya gari za wakubwa.

Watasema ni mengi mno kwa ajili ya mnara wa kijijini. Twawauliza: mbona Mji Mkongwe si mengi? Tangu mji ule uingizwe katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, mtu hawezi kubadilisha dirisha lake bila kuulizwa, na upo uongozi maalumu wa kuuliza. Nasi twaunga mkono, mji ule ni fahari yetu. Lakini mlango wa nakshi una mtu wa kuusemea, na usingizi wa mjane hauna. Kama ofisi zinaweza kutoa mkaguzi akapime rangi ya ukuta Shangani, zinaweza kutoa mkaguzi akapime hatua kutoka jenereta hadi dirisha huko shamba. Tulikwenda tukapima wenyewe Jumapili iliyopita. Ni hatua kumi na moja. Mlinzi wa kiwanja akatuuliza kama tuna kibali cha kupima.

Basi kazi ni hii. Kila tawi, Unguja na Pemba, limteue mtu mmoja mwenye kuandika vizuri, naye aizungukie shehia yake na kuandika: minara iko mingapi, kila mmoja uko wapi, shimo lilichimbwa mwezi gani, kama palikuwa na tangazo au hapakuwa, nani alitia saini, na ni hatua ngapi kutoka nyumba ya karibu na kutoka skuli. Mwenye shamba aliyepangisha asiudhiwe wala asitajwe jina. Akipenda kutuonyesha mkataba wake, tunaye mtu wa kumsomea kwa Kiswahili bila malipo, Jumamosi baada ya alasiri. Asiyekuwa na wino aandike kwa penseli. Habari za mionzi na minazi zisiandikwe. Karatasi ziletwe ofisini kabla ya mwisho wa mwezi, na madiwani wetu wawili tuliowataja wamekwisha kuambiwa kuwa ni wao watakaozibeba mpaka mezani kwa Mkurugenzi, na kwamba safari hii tutawasindikiza mpaka mlangoni.